Mwenye Nyumba Huonja Kwanza

Maman,

Nyumba yako imepata mtu. Nimeanza na hilo kwa sababu ungekuwa hapa ungenikatiza: "Furaha, sema mwisho kwanza, usinichoshe roho." Basi mwisho ndio huo, au karibu na mwisho. Kesho mama mmoja wa Bukavu anahamia na watoto wake. Mimi naiogopa kesho kuliko nilivyoiogopa siku ya kukuzika, na sina mwingine wa kumwambia. Anastase amechoka na woga wangu. Anasema mimi nimeolewa na hofu, yeye mume ni mpangaji tu.

Acha nikusimulie vizuri, maana mengi hukuyaona.

Siku ya mazishi watu walikuja, siwezi kuwasingizia. Waliimba nyimbo za kanisa, wakatupa udongo, wakarudi nasi nyumbani kunawa mikono. Lakini kilipofika kinywaji, hakuna aliyekunywa. Mmoja alisema amefunga. Mwingine akasema tumbo lake si zuri. Mama Kabibi, jirani yako wa miaka yote, alipokea kikombe, akakizungusha mkononi, kisha akakisukuma chini ya kiti akidhani simwoni. Mtungi ulibaki umejaa. Jioni niliumwaga kwenye migomba, na hapo nikajua kwamba lile neno lililokuwa likinong'onwa sokoni limekwisha kuingia ndani ya ua wetu.

Neno lenyewe unalijua. Lilianza na yule mfanyabiashara wa vitenge aliyekunywa bushera yako asubuhi, uji ule wa mtama uliokuwa ukiuza mlangoni, akavuka daraja, na kesho yake tukasikia amekufa Bukavu. Siku zile vita vilikuwa vimerudi ng'ambo. Watu walikuwa wakifa kwa risasi, kwa kuhara, kwa kukimbilia msituni bila chakula. Yeye alikufa kwa tumbo, basi wakaanza kuuliza alikunywa wapi mara ya mwisho. Wewe ulicheka. Ulisema, "Bantu batachoka kusema." Hawakuchoka, Maman. Na tumbo lilipokushika wewe, ukaondoka upesi vile, wakasema sumu imemrudia mwenyewe. Kifo chako kikawa shahidi wao. Mimi niliyekulaza, niliyekunywesha maji kwa kijiko, sikuulizwa kitu.

Nyumba ikabaki tupu. Unaijua barabara ile ya kushuka mpakani, kila aina ya mtu hupita. Sisi tuko Nyakabuye na mashamba yetu, siwezi kulinda mlango wa Cyangugu kutoka huku. Mlango ulivunjwa. Walichukua vitanda, vijiko, hata kile kifungulio cha chupa kilichokuwa kimening'inia jikoni kwa kamba. Anastase akasema tuuze kabla hatujakuta watu wamelala ndani na wanatuuliza sisi ni nani. Nilikataa kwanza. Uliijenga kikombe kwa kikombe, baada ya sisi kurudi kutoka Bukavu bila hata sufuria. Lakini nyumba tupu wakati wa vita haikai tupu, hilo nalo nalijua.

Tukampata komisioneri, anaitwa Bosco. Kazi yake ni kuonyesha nyumba na viwanja kwa watu wanaotafuta. Viatu vinang'aa, mwavuli hauachi hata jua likiwaka. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba mimi nisionekane. Alisema, "Nyumba inauzwa na funguo. Mwenyewe njo anaharibu soko." Kwa maneno yake, mteja akimwona mwenye nyumba amekaa pale, ataona haya kufungua choo, hataangalia mabati, hatasema neno juu ya ufa ukutani. "Na wewe utaanza: hapa Maman alikuwa anakaa, hapa njo alikufia. Nani atanunua?" Kisha akaangalia viatu vyake. "Tena, usikasirike, uko na sura ya maman yako."

Sikukasirika. Nilifurahi, kusema kweli. Mtu amenipa ruhusa ya kujificha. Siku ya kuonyesha nyumba nilikuwa napanda juu ya barabara, nakaa nyuma ya mikalitusi, naangalia mlango wako unafunguliwa na mtu mwingine kwa watu wengine. Unajua ilivyo kuangalia wageni wanaingia chumbani kwa mama yako? Walikuja wanaume wawili ambao hawakuangalia paa wala sakafu. Walisimama kwenye dirisha la nyuma, lile linalotazama daraja na Bukavu, wakasimama muda mrefu, wakiongea polepole. Bosco alisema ni watu wa kununua tu. Lakini nani alijua? Vita viko pale, unaviona kwa macho, na mimi nimewaachia watu nisiowajua dirisha lililo juu ya mpaka. Nilirudi Nyakabuye nikawa nashtuka kila gari la jeshi linapopita. Hawakurudi tena, na mpaka leo sijui walikuwa wanatafuta nini.

Sasa nisikilize hili, na usinicheke. Au cheka, nitafurahi kama unacheka.

Bosco alisema nyumba inaonekana ya kimaskini, haina hata kitu cha kumpa mgeni. Anatuletea mwalimu mmoja wa Giheke na mke wake, watu wazuri, wanataka kweli. Nikanunua sukre, soda za chupa, nne, nikazipanga mezani kwenye kile kitambaa chako cheupe. Halafu nikakumbuka kifungulio kiliibwa. Watanywaje? Nikachukua kisu, nikalegeza vizibo vyote vinne, nikavirudisha juu taratibu kwa kidole visije vikaanguka. Nilijiona nina akili. Nikafunga mlango, nikampa Bosco funguo, nikapanda kwenye mikalitusi yangu.

Waliingia wakicheka. Walitoka mke akiwa mbele, amemshika mumewe mkono anamvuta, na hawakumngoja Bosco. Yeye alikuja juu kwangu anatweta, mwavuli umekunjwa. Aliuliza neno moja: "Zile machupa, nani alizifungua?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Maman, mimi niliyekulia miguuni pako pale mlangoni! Niliyekuona kila asubuhi unachota bushera, unapiga funda la kwanza wewe, unafuta mdomo, ndipo unampa mtu kikombe. Nilikuwa nikikutania kwamba ifikapo saa sita umelewa uji. Bukavu pia ni hivyo hivyo, hata mtoto anajua: chupa hufunguliwa mbele ya macho ya atakayeinywa, na anayetoa ndiye anayeonja kwanza. Ulikuwa unasema, "Mugeni hapewi kintu na nyumba. Anapewa na muntu." Mimi nikaacha chupa zilizofunguliwa, katika nyumba isiyo na mtu, nyumba ambayo tayari ina jina baya. Nilikuwa naogopa sana kuonekana, hata nikasahau kwamba ni kutoonekana ndiko kunakotisha watu.

Habari ilifika Nyakabuye kabla ya minibasi yangu. Sasa haikuwa habari yako tena, ilikuwa yangu. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja nilimtekea ndoo kumsaidia, mimba yake ilikuwa kubwa. Alinishukuru, akangoja nigeuke, akayamwaga. Mjukuu wako Neema alirudi kutoka shuleni na karanga zote nilizomfungia agawane na wenzake. Aliniuliza kwa nini hakuna anayezitaka. Nikamwambia wenzake wameshiba. Kisha jiwe likaanguka juu ya bati letu mchana kweupe, na hakuna jirani aliyetoka kuuliza ni nini. Anastase alipanda, akaliondoa, akashuka, akamwambia Neema acheze ndani. Unajua watu wetu wamepitia nini miaka hii na wanaweza kufanya nini wakishaamua kwamba mtu ni mbaya. Nilianza kulala na viatu karibu.

Na kuna jambo baya zaidi, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Nilianza kukuogopa wewe.

Kwenye rafu ya jikoni kulikuwa na debe lako la unga wa mtama, lile ambalo wezi hawakuligusa. Hata wezi, Maman. Ndilo ulilopikia mpaka siku uliyoanguka. Nilishindwa kulitupa, nikashindwa kulipika. Nikilitazama nakumbuka mambo yako upya, kila moja limegeuka sura. Yale majani uliyokuwa unakausha nyuma ya mlango, yalikuwa ya nini? Kwa nini kile chungu kidogo ulikuwa unakiosha mwenyewe, hutaki mkono wangu? Mtoto gani anamwuliza mama yake aliyekufa maswali kama hayo? Mimi. Nilikuuliza kila siku, na wewe huwezi kunijibu.

Basi akaja Nsimire. Ni mama wa Bukavu, mjane, anauza samaki wa kukausha upande huu na upande ule. Anataka watoto wake wawe na mahali pa kulala ambapo hawasikii mizinga kwa karibu. Bosco alimfikisha mlangoni, akatoa funguo, akafungua. Yeye hakuingia. Akauliza, "Mwenye nyumba iko wapi?" Bosco akasema yuko mbali, amemwachia yeye kila kitu. Nsimire akakaa kwenye lile jiwe la nje, akaweka kikapu chake miguuni. "Basi nitamungoja. Mi siingie mu nyumba haina muntu."

Bosco alipanda kwenye mikalitusi kunitafuta, amekasirika, anasema huyu mwanamke ni wa kichwa kigumu, nishuke, lakini nisifungue mdomo. Nilishuka. Nsimire alinitazama usoni, akasema, "Njo wewe?" Nikasema ndiyo, ni mimi, mtoto wa mwenye nyumba. Akasimama, akanipa mkono, ndipo akavuka kizingiti.

Nilimzungusha mwenyewe. Sijui nini kilinipata, labda nilikuwa nimechoka kuogopa kwa siri, nikaona bora niogope waziwazi. Nikamwambia jikoni kunavuja masika. Bosco akakohoa. Nikamwonyesha ufa wa ukuta wa sebuleni, nikamwambia ulianza siku zile mizinga ilipopigwa sana Bukavu, vyombo vikatetemeka rafuni. Bosco akakohoa tena. Nikamwambia choo kitahitaji kuchimbwa upya. Kikohozi. Mwishoni nikasema, "Na majirani hawanywi kitu katika nyumba hii. Wanasema mama yangu alikuwa na sumu, na mimi pia." Bosco hakukohoa tena. Alikumbuka kwamba ana mtu wa kumwona sokoni, akaenda.

Nsimire akakaa kwenye kiti kilichobaki. Akasema hiyo habari aliisikia kabla hajafika, hata wavuvi wa Nkanka wanaisema. Akasema, "Kule kwetu tangu vita kila muntu mwenye anakufa, banasema ni karuho. Hakuna tena mwenye anakufa na kuhara." Karuho ndiyo sumu yao, unaijua. Alilisema jina lake kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Kisha akanyoosha kidole kwenye rafu. "Ile debe iko na nini?"

Nilisema unga wa Maman.

"Unipikie."

Nilitaka kusema umeharibika. Ulikuwa haujaharibika, nilifungua, nikanusa, ulikuwa mkavu na safi kama ulivyouacha. Nikawasha moto. Nilikoroga uji nikiwa nimempa mgongo asione uso wangu. Uji ukachemka, ukatoa yale mapovu mazito, na ile harufu ikajaa jikoni, harufu ya asubuhi zetu zote. Nikachota kikombe kimoja. Nikageuka. Alikuwa ananitazama, mikono magotini.

Nikakushika moyoni na nikakuogopa, vyote kwa pamoja. Nilifikiria Neema. Nilifikiria kwamba kama majirani wanasema kweli, nitajua sasa, na nitakuwa sina wa kumwambia. Nikanywa. Sikuonja tu, nilikinywa chote, moto ule ukaniunguza ulimi. Nikajaza tena, nikampa.

Hakunywa mara moja. Alikiweka gotini, akaniuliza jina la mtoto wangu, akaniuliza ulikuwa unatoka ukoo gani. Nikajibu huku nasikiliza tumbo langu. Jasho lilinitoka. Aliliona jasho, najua aliliona. Ndipo akainua kikombe akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja, akauliza kama kuna sukari.

Kwenye minibasi ya kurudi tumbo lilinikata mara tu tulipoanza kushuka. Nilishika kiti cha mbele, nikaanza kusali kwa sauti ndogo, nikamwomba Mungu anifikishe tu kwa mtoto wangu. Nilipofika Anastase alinitazama akaniuliza nimekula nini tangu asubuhi. Sikuwa nimekula chochote, zaidi ya kile kikombe. Ilikuwa njaa, Maman. Alinipa ndizi na maharage, nikala nikilia, na yeye akajua kulia huko hakuhitaji swali.

Jumapili nilikwenda kusali Kamembe, kwa makusudi, kumtafuta. Nikamkuta kwenye benchi la tatu, mzima, anaimba kupita kwaya. Tulipotoka nikamuuliza kwa nini alikunywa. Nilitaka aseme kwamba alijua wewe ni mtu mwema. Nilitaka mtu mmoja tu hapa duniani aniambie hivyo. Hakuniambia. Alisema, "Maman yako sikumujua. Nilikunywa juu ya vile niliona unaogopa, na ukatangulia." Kisha akaongeza kwamba kama angeingizwa na Bosco na funguo peke yake, hata maji ya bomba asingeyagusa pale.

Nimelitafakari jambo hilo kila siku tangu hapo. Bosco hakudanganya, kuna wanunuzi wanaobanwa na macho ya mwenye nyumba. Lakini kwetu, na miaka hii, nyumba isiyo na mwenyewe mlangoni mtu huijazia yale anayoyaogopa. Wengine wataona sumu, wengine wataona kwamba imeporwa kwa aliyekimbia, wengine wataona waliokufa ndani. Ufa wa ukuta nimemwonyesha kwa kidole changu, naye hakuuogopa.

Nsimire ameshalipa, ila hataki nyumba ambayo majirani wanaipita mbali. Ameniwekea sharti lake. Kesho, siku ya kuingia, amewaita watu wote wa barabara ile, na mimi ndiye nitakayekuwa mlangoni. "Utakuya. Utapika ile unga yote. Utagawa mbele yabo." Nilikubali nikiwa bado na furaha ya Jumapili. Sasa furaha imeisha, imebaki kesho. Naogopa hawatakuja. Naogopa zaidi kwamba watakuja. Kama mmoja wao tayari ana homa yake, au tumbo lake, akanywa kwangu kesho na akafa wiki ijayo? Hapo hakutakuwa na Nsimire wa kunitetea, na jiwe halitaangukia bati tena, litaniangukia mimi. Anastase amesema nisiende. Amesema nyumba imeshauzwa, deni langu kwa ile barabara ni lipi. Ni mume mwema na anasema kweli.

Nilipita kwa Mama Kabibi kumwalika kwa mdomo wangu. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Alisema, "Nitaona." Kwa Mama Kabibi hilo ni neno refu.

Basi nakuaga, Maman. Nimekuuliza maswali ambayo mtoto hamwulizi mama, na nimeyaandika hapa ili yasibaki kwangu. Majani yale ya nyuma ya mlango nimeyakumbuka jana wakati naosha miguu ya Neema: yalikuwa ya kikohozi changu, kile cha utotoni. Chungu kidogo bado sijui, na sitakiuliza tena. Lala.

Ninakuahidi hili tu. Kesho sitapanda kwenye mikalitusi. Nitasimama mlangoni pako na sura hii yako, nitachota, nitakunywa kwanza, nitampa kila atakayekuja mkononi mwake. Wewe sikuogopi tena. Wao nawaogopa, na nitawamiminia.

Mtoto wako,
Furaha